Mama Paskalia na Debe la Kuamia Mpunga

Mama yetu Paskalia Hilari alizaliwa Majimoto tarehe 12 Machi 1946, mtoto wa tatu wa mzee Hilari, mkulima wa mpunga. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, mwaka 1958. Hesabu alizimudu, ila mpunga ukikaribia kuiva hakuonekana darasani: alikuwa shambani akiamia ndege, akiwafukuza kwa kupiga debe.

Mwaka 1965 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Isidori. Walilima pamoja miaka arobaini na moja, wakatulea watoto wanne. Baba alipenda kumtania kwamba ndege kwelea wote wa kwetu Mpimbwe wanamjua kwa jina.

Mwaka 2019 alianza kupotea njia ya kisimani, nikamhamishia kwangu Misunkumilo. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau. Kusahau tulikutegemea, hofu hatukuitegemea. Kila siku saa kumi jioni mikono ilimtetemeka, akataka kutoka. "Ndege wanamaliza mpunga, na nyie mmekaa tu." Nilimjibu kwamba shamba tumeshauza. Alilia kama aliyefiwa. Kesho yake ikawa hivyo hivyo.

Sitaficha: nilimfungia mlango kwa kufuli, nikidhani namlinda. Aliupiga mpaka viganja vikavimba. Nilipofungua, alirudi nyuma mpaka ukutani, akaniuliza, "Kassiani wangu umempeleka wapi?" Kassiani ni mimi. Sijawahi kuogopa vile, na hata leo nikikumbuka naogopa.

Jirani yetu Emelyne, muuguzi mstaafu, ndiye aliyetufungua macho. "Msibishane naye. Mpeni debe lake." Kufuli nikalitoa. Kila saa kumi mke wangu Glory alikaa naye uani, wakapiga debe na kuimba. Hofu haikuisha, lakini hakuachwa nayo peke yake.

Mei 2024 alipata nimonia. Jumamosi tarehe 8 Juni, saa kumi, mikono ilianza kutetemeka juu ya shuka.

"Nani anaamia?"

"Naamia mimi, mama."

Alinitazama muda mrefu. Niliogopa ataniuliza tena Kassiani yuko wapi. Akasema, "Basi usiuache upande wa mtoni," mikono ikatulia, akalala. Alifariki kabla jua halijazama.

Ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili.

Pumzika kwa amani, mama, wala usiogope. Upande wa mtoni nipo mimi, Kassiani wako.