Mvua Ikiangukia Shamba

Mvua ilinyesha Kangemi kwa dakika kumi na tisa Alhamisi, kuanzia saa kumi na dakika tano jioni. Ilipokatika, watu watatu walikuwa kwenye benchi la kibanda cha Kamene, kando ya Waiyaki Way, wakinywa kahawa. Zadock, fundi viatu na mwalimu wa kwaya, alikuwa na daftari magotini. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani kwao, na wimbo wake wa kushukuru mvua, wa kwanza kuutunga mwenyewe, haukuwa na mwanzo. Mchungaji alimpa hadi Jumamosi; la sivyo, wimbo mwingine ungechezwa kwa simu. Wenzake walikuwa Obuya, anayeitwa Besi kwa sauti yake nzito, na Mbaluka, askari wa jengo la ghorofa kumi na nne Westlands, anayeitwa Satelaiti kwa kutabiri hali ya hewa.

— Si mmeiskia hiyo kwa mabati? Zadock aliuliza. Tra-tra-tra. Vijiti juu ya debe, nimemaliza.

— Debe ni sawa, Besi alisema. Wahenga walilisifu: debe tupu haliachi kuvuma.

— Walikuwa wanakusema wewe, Kamene alimjibu, akimwongezea kahawa.

— Lakini anza na ngurumo, Besi alimwambia Zadock. Ngurumo ndiyo besi ya Mungu. Hakuna soprano ashawahi kuleta mvua.

— Vyura, alisema Satelaiti. Mvua haiji mpaka vyura waiite. Ndiyo maana kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ng'ombe anajua nani ameyaleta.

— Wee, chura umemwona wapi Westlands? Besi aliuliza.

— Chini, pale magari yanaegeshwa. Wako wanne. Na hiyo si kitu. Dunia yenyewe ikizunguka inaimba. Noti moja tu, mwaka mzima.

— Noti gani? Zadock aliinua kalamu.

— Fa. Panda ghorofa ya kumi na nne saa kumi na moja asubuhi, utaiskia.

— Hiyo ni jenereta, buda, Besi alisema.

Zadock alikuwa ameshaandika fa. Akaifuta.

Bodaboda ilisimama. Akashuka mwanamke mwenye kitambaa kichwani, na gunia dogo. Alikuwa Kanyiva, mamake Kamene, kutoka mashambani Mwingi.

— Mwaitu! Mama yangu! Kamene alimkumbatia. Keti hapa. Hawa wanatafuta sauti ya mvua.

— Shikamoo, mama, Zadock alisema. Hebu skiza.

Akachukua debe tupu la Kamene, akalipiga kwa vijiti. Kanyiva alisikiliza hadi mwisho.

— Hiyo ni mvua ya mabati, alisema.

— Ndiyo, mama.

— Na mnashukuru ya wapi?

— Ya shamba. Ya huko kwenu.

— Sasa, ikiangukia shamba inalia aje?

Besi alimtazama Satelaiti. Satelaiti alitazama kikombe chake. Zadock alizaliwa Kangemi. Besi alitoka Siaya akiwa na miaka sita. Satelaiti hajapanda kitu kwa miaka ishirini na miwili.

— Wewe uliiskia, mama? Zadock aliuliza.

— Nilikuwa nje. Tumepanda mara tatu bure. Mara hii ya nne mvua ilinikuta katikati ya shamba, na sikukimbilia nyumba.

Aliomba ungo ambao Kamene huchagulia maharagwe. Akafungua gunia, akamimina ndengu, choroko zile za kijani, viganja vinne, akauinamisha ungo polepole. Zilianza kubingirika chache, kisha zikaja zote.

Besi alitazama juu. Hakukuwa na wingu.

— Tena, mama, Zadock alisema.

Alirudia. Zadock alifunga daftari, akamrudishia Kamene debe lake.

— Asante, mama. Jumapili utakuja na huo ungo?

— Nilikuja na ndengu za kumshukuru Mungu. Zikiimba kwanza, si mbaya.

Jumapili, saa tano na dakika kumi, Kanyiva alisimama mbele ya kwaya, akauinamisha ungo mara tatu. Kisha kwaya ikaanza. Baada ya ibada, ndengu hizo zilipikwa, zikaliwa na chapati. Kufikia saa nane na nusu, sufuria ilikuwa tupu.