Papa Alphonse Lifoko, Mupakaji wa Vyuma vya Maboti

Papa Alphonse Lifoko alizaliwa hapa Yanonge tarehe 14 Machi 1953. Mimi Philomène, dada yake mukubwa, nilimubeba mugongoni. Haya nimeandika mwenyewe. Hakuna mwenye alinisaidia, na sikuomba.

Alisoma kwa wamisionere mupaka mwisho wa primeri. Mwaka 1971 alienda Kisangani, akaingia kwa karakana ya maboti. Kazi yake ilikuwa arbre, kile chuma kirefu chenye kuzungusha elisi, yale mapanga ya kusukuma boti, chini ya maji. Alikuwa anakikwangua, halafu anakipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Alisema chuma kinachoka kama mutu: kinazunguka, maji yanakikula, ufa mudogo unaingia, siku moja kinakatika.

Mwaka 1981 alimuoa Mama Florentine. Siku ya mahari alifika na mikono myekundu. Mama mukwe akauliza amechinja nani. Akasema, "Nimepaka arbre, mama. Rangi haiyakauka, siwezi kukupa mukono."

Mwaka 1994, wakati wa mvua, alikubali haraka ya patron, mukubwa wa karakana, akapaka chuma chenye kulowana. Rangi ilibambuka kama ganda la muhogo. Arbre ikakatika na watu ndani ya boti, wavuvi wakawavuta mupaka libongo, kando ya muto. Hakuna mwenye alikufa, lakini hakujisamehe. Kuanzia pale, rangi isipokauka, boti haishuki majini.

Figo zilianza kumusumbua mwaka 2023. Juu ya kitanda bado alikuwa anamuelekeza mutoto wake Bonheur namna ya kupaka arbre ya boti ya jamaa, maana alitaka boti ile imurudishe hapa Yanonge, karibu ya kaburi la mama yetu. Alifariki Kisangani tarehe 9 Februari 2025. Rangi ya mwisho ilikuwa bado mbichi.

Bon. Jamaa wakataka tuondoke tu. Bonheur akaniambia mimi shangazi yake, "Tantine, watu wamechoka kulala kwa kilio."

Nikamujibu, "Marehemu hana haraka. Wewe unakimbia wapi?"

Nikakaa karibu ya chuma. Kila mwenye kuja kunisumbua, niligusa arbre, nikamuonyesha kidole: kiko na rangi. Walininunia. Walisema mama muzee iko na kichwa nguvu. Ni kweli. Na mimi pia nimechoka.

Siku yenye kidole kilitoka safi, ndiyo siku tulishuka mutoni. Tumefika wote, na yeye amefika.

Ameacha mujane Florentine, watoto Bonheur na Falonne, wajukuu, na mimi.

Alphonse, imekauka. Pumzika sasa, kwa amani.