Fundi Aliyetutoa Kwenye Programu Yetu

Ndugu zangu, nasoma kwenye daftari kwa sababu nikisimama mbele za watu sauti inakauka. Mnivumilie. Jina la mtu sitalitaja, ingawa hasira bado ninayo.

Sisi wanafunzi wanne wa kikundi cha kompyuta hapa kanisani tulitengeneza programu ya kuwajulisha madereva wa malori kwamba karatasi zao za forodha ziko tayari, wasishinde wakila vumbi la mpakani Tunduma. Maandishi yote yanayoiendesha yako kwenye ghala la mtandaoni. Mtunza ghala ni mimi.

Sehemu ya kutuma meseji ilitushinda, tukamchukua fundi wa nje kwa mkataba wa wiki mbili. Nilitaka kumpa ruhusa ya sehemu hiyo tu. Akacheka. "Yaani mdogo wangu, unanikaribisha halafu unanikalisha barazani?"

Wenzangu wakaninong'oneza, "Mpe bwana, mkubwa huyo, utamvunjia heshima."

Nikampa uadmin, kama ule wa grupu la kwaya: anaingiza amtakaye, anatoa amtakaye.

Mkataba ukaisha, tukamuaga kwa soda, na hakuna aliyemwondoa. Nawaambia ukweli, niliona aibu. Mtu amekula kwenu jana, leo umfungie mlango?

Siku tatu kabla ya kuwaonyesha mawakala wa forodha, nafungua ghala: sina ruhusa. Wote wanne fundi katutoa! Nikampigia.

"Dogo, kazi kubwa nimefanya mimi. Hiyo ni yangu."

Yake! Sisi tuliomaliza likizo nzima pale? Na watu wazima wakaniuliza mimi, "Wewe binti, ulibonyeza nini?"

Nililia chooni shuleni. Kisha hasira ikaishinda aibu. Jumapili nikasimama hapahapa, nikasema yote.

Mama mmoja wakala akaniambia nilete mkataba na daftari hili, maana humu nilikuwa naandika kila siku nani kafanya nini. Akampigia fundi, akamsomea ukurasa kwa ukurasa. Wa tatu haukuisha. "Basi mama, nawarudisha."

Mama, Mungu akubariki. Nanyi mlioniombea, asanteni.

Ninachowaachia ni hiki: heshima mpe mgeni kwa shikamoo na chakula. Ruhusa mpe ya kazi yake tu, siku ikifika uiondoe mwenyewe.

Juzi amekuja fundi mwingine, nikampa sehemu yake tu. "Mdogo wangu, huniamini?"

"Shikamoo kaka. Mkataba wako unaisha Ijumaa. Ijumaa nakutoa."