Marehemu Eutrice Bhola, Mpima Lami wa La Brea

Ndugu waombolezaji, aliyelala mbele yetu ni dada yangu, Eutrice Bhola. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 hapa La Brea, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Cuthbert Alleyne, mchimba lami katika ziwa letu la lami ya asili, na marehemu Mama Ismay. Mimi ni Ansil, kitinda mimba wao. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu ingawa sistahili.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari San Fernando, akamaliza mwaka 1971. Hesabu kwake ilikuwa mchezo. Ndiye aliyenifundisha kugawanya, kwa kokoto za barabarani, na nikikosea alikuwa akisema, "We Ansil, kichwa unacho, haraka ndiyo itakuponza."

Mwaka 1973 aliajiriwa katika maabara ya barabara. Kazi yake ilikuwa kupima ukakamavu wa lami iliyochanganywa na kokoto na mchanga, yaani inavyokataa kubonyea gari linapopita juu yake. Aliviweka vipande vya mchanganyiko huo kwenye kabati la joto hadi vipate moto mpaka katikati, ndipo avibonyeze kwa mashine na kuandika namba. Hakuna aliyeweza kumharakisha. Shemeji yetu Kelvin Bhola, dereva aliyekuwa akivileta vipande hivyo, alipomwomba watoke wakale, aliambiwa, "Keti hapo kwanza, havijaiva." Akakaa tangu saa sita mchana mpaka saa kumi. Hadi leo husema, "Mimi nilidhani mwanamke ananipima!" Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1980, wakajaliwa Nerissa na Dexter.

Sasa, kwenye karatasi mliyoshika imeandikwa kwamba mwaka 2004 alistaafu kwa hiari. Niliandika mimi. Ni uongo.

Mwaka 2002 nilikuwa mhandisi wa barabara mpya ya bandarini. Niliukadiria ukakamavu wa lami yake kwa fomula, bila kungoja vipimo. Dada alipopima, akapata namba za chini sana kuliko zangu. Akaniita pembeni.

"Mdogo wangu, lami ya ziwa letu ina mavumbi yake ndani. Si umeyahesabu tena kwenye mchanga?"

Nikamcheka mbele ya vijana wa maabara. "Dada, mashine yako imezeeka kama wewe."

Jumapili yake, baada ya kanisa, nilirudia hesabu. Alikuwa sahihi. Mavumbi yale nilikuwa nimeyahesabu mara mbili, kwenye lami na kwenye mchanga, ndiyo maana namba zangu zilipanda. Lakini namba zangu nilishazitangaza kwa wakubwa, na nikaogopa kuonekana mjinga. Jumatatu niliandika ripoti kwamba mashine ni mbovu na mpimaji hana uangalifu, nikasaini. Wakamhamishia chumba cha kuchekecha kokoto. Miaka miwili alimeza vumbi mle, kisha wakamwambia aende nyumbani. Barabara ilibonyea kiangazi cha kwanza. Watu wakayalaumu malori, na mimi nikaitikia.

Nerissa, mwanangu, usinivute koti. Niache nimalize.

Alianza kuugua figo Novemba 2021. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona hospitalini San Fernando, nimejiapiza kwamba leo namwambia. Aliniangalia, akauliza, "Una neno, Ansil?"

Nikasema, "Nimekuletea supu ya mahindi."

Akasema, "Haya, iweke hapo."

Ndivyo nilivyoagana naye. Alifariki Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa tatu asubuhi.

Naona aibu, jamani. Naona aibu hata kuligusa jeneza hili. Ninyi wa maabara mliokaa pale nyuma, mlisoma ripoti yangu mkaamini kwamba alizembea. Hakuzembea hata siku moja. Barua ya kuikana ripoti hiyo nimeshaiandika, na kesho nitaipeleka maabara mwenyewe. Najua nimechelewa.

Marehemu ameacha mume, Kelvin, watoto wawili, Nerissa na Dexter, wajukuu wanne, na mdogo wake mmoja, aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja ya kumwomba radhi, akampelekea supu.

Mungu amlaze mahali ambapo hakuna atakayelikanusha neno lake.