Mutoto Anavuta Kikwembe

Wamama wenzangu wa kanisa, mbele ya yote: nikisema kwa nguvu kupita kiasi, munishushie mukono hivi. Sauti yangu mimi siisikii. Na munisaidie, musinitolee zile sura za kilio. Nimeshiba nazo.

Malaria ilinikamata mimi, mutoto wangu akiwa na miezi saba. Kwenye dispanseri wakanipiga sindano za kinini. Masikio yakaanza kulia kama nyenje wa musituni. Siku ya tatu niliamuka, nyenje wamenyamaza. Nikamuona mutoto kinywa wazi, machozi yanatiririka, na sauti hakuna. Nilifikiri yeye ndiye amekauka sauti. Nikamutikisa, nikamuchungulia kooni. Kumbe ni mimi.

Niwaambie ujinga wangu, maana nimesoma sekondari mpaka mwaka wa ine na ninajua kusoma karatasi ya dawa. Jirani alisema mafuta ya mawese ya vuguvugu. Nikamwaga mawese kwenye masikio. Mama mukwe akanipeleka kwa muzee mumoja anayekamua majani. Nikalala ubavu, maji ya majani yakaingia, yakachoma, sikusikia kitu. Mwingine, na iko hapa ndani leo, aliniambia nitubu. Nilitubu hata vile sikufanya. Majuma mawili yakapita hivyo.

Ndipo nikaenda hospitali. Dokta akachungulia na taa yake ndogo, akagonga chuma akakisimamisha kwenye mufupa nyuma ya sikio. Akaniandikia: labda ni homa, labda ni kinini, hawezi kujua. Akaandika tena, akiniita mwananchi kama serikali ilivyotaka: «Sitwayeni, ungekuja siku za kwanza, tungejaribu dawa. Sasa siwezi kukuahidi kitu.» Ile karatasi niliikunja mpaka ikapasuka.

Walinitafutia apareyi, kisanduku cha kuvaa kifuani na waya mpaka sikioni. Kilinirudishia sufuria zikigongana na mulango ukipigwa. Maneno ya watu, hapana. Na batri zake hapa Bunia zilikuwa kazi kuzipata. Nikakiweka juu ya kabati.

Wakati huo mudogo wangu alikuwa amekuja kutoka Boga kunisaidia. Binti mwenye masikio mazima. Wamama, sitaficha: nilimuonea wivu. Bwana yangu anaendesha kamyo ya mizigo ya kwenda Niania. Akirudi, habari za njia anamupa nani? Yule anayesikia. Naona wanacheka. Nauliza:

— Munachekea nini?

Bwana ananigeukia:

— Hakuna kitu.

Hilo ndilo neno la kwanza nililojifunza kusoma kwenye midomo ya watu. Hakuna kitu. Sokoni, hakuna kitu. Hapa kanisani, hakuna kitu. Munacheka mpaka mabega yanatikisika, halafu hakuna kitu.

Lakini bwana si kitu. Mutoto ndiye alinichoma. Akilia, mudogo wangu ameshafika, mimi bado naokota mboga. Kila siku namuona amemukalisha mbele yake, anamuongelea polepole, na mutoto anatazama ile midomo kama anatazama ziwa la kunyonya. Nikajiambia: anamufundisha kumuita mama. Mimi nilijifungua, nilinyonyesha, na jina atakula mwingine.

Siku hizo mutoto ameanza kutambaa. Nikiwa natwanga majani ya muhogo kwa sombe, anakuja kuvuta upindo wa kikwembe changu. Mara mbili, halafu anatulia. Namusukuma mukono, anavuta tena mara mbili. Nikasema huyu binti anamutuma anichafue. Nikakipandisha kikwembe, nikakifunga juu, asikifikie.

Juma lile lile nilichukua nguo za mudogo wangu, nikazitupa ndani ya kitunga, nikakitoa inje.

— Rudi Boga. Zaa wako, wakuite mama huko.

Akaanza kulia na kusema mbio mbio. Nikamwambia, sema tena, ulimi wako haunifikii. Akamuweka mutoto kwenye kizingiti, akaenda kusimama mbali naye. Mutoto akafungua kinywa, akamunyooshea mikono yeye. Yeye. Lakini mudogo wangu akatikisa kichwa, akaweka mikono nyuma, akamuonyesha mimi kwa kidevu. Mutoto akalia zaidi. Akamunyima. Akalia tena. Akamunyima.

Ndipo mutoto akafunga kinywa, akageuka, akatambaa mpaka miguuni pangu. Kikwembe kiko juu, hakifikii. Akanyoosha mukono, akanitazama. Nikakifungua kikashuka. Akavuta mara mbili, akatulia, akanitazama usoni. Nikamupa kikombe cha maji, akanywa chote: alikuwa na kiu.

Mudogo wangu akasogea kwenye mwanga, akasema polepole, na nikasoma yote:

— Namwambiaka kila siku: mama hasikii, mama anavutwa.

Kile kitunga nilikirudisha ndani mimi mwenyewe, kichwani.

Kwa hiyo aksanti yangu ni kwa yule binti aliyeketi nyuma pale na anaficha uso. Aksanti kwa dokta ambaye hakunidanganya. Aksanti kwa mama mumoja wa kule Shari, akiniongelea anatafuta mwanga kwanza. Na ninyi wengine: sikio likizima, nenda hospitali siku ile ile, mawese muweke kwenye sombe. Na nikiuliza munachekea nini, muniambie, hata kama munanicheka mimi.

Wivu haujaisha, nisiwadanganye. Neno la kwanza la mutoto alilisikia mudogo wangu. Nikauliza ni nini. Angeweza kusema hakuna kitu. Akasema: «Maji.» Iliniuma kwamba si mama. Nikafurahi pia kwamba si jina lake.

Sasa mutaniwia radhi. Niko navutwa huku chini, mara mbili.