Sauti Aliyoifuata Othman

Bwana Othman bin Mbarouk alizaliwa Pujini mwaka 1921, mwezi wa Ramadhani. Wasifu huu nimeuandika mimi, mkewe, Time binti Shaame. Nimo edani, kwa hivyo atausoma shemeji yangu Soud, wala asipunguze neno.

Alihitimu Kurani hapo hapo Pujini, kisha akasoma skuli Chake Chake. Mwaka 1943 akaajiriwa ofisi ya simu ya upepo, ile isiyo na waya. Alikuwa mpole, msafi, hana makuu. Wanawake walimpenda, na nawajua.

Tulioana mwaka 1949. Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu. Kila baada ya Magharibi alirudi ofisini kusikiliza kituo cha mbali, mwanamke akisoma habari. "Kwani mchana hazisomwi?" nilimuuliza. Akanambia huko juu kabisa iko tabaka ya hewa inayopata nguvu kwa jua, nayo humeza mawimbi ya redio; jua likizama tabaka hufifia, sauti ikafika. Mie wa kudanganywa hivyo! Nikamwambia, "Tabaka hiyo imekaa nyuma ya soko, na jina lake Mwanawema." Nikafunga mizigo kurudi kwetu Wingwi, nikadai talaka. Akaniomba ningoje jua lipatwe, nisikie mwenyewe.

Ijumaa tarehe 2 Oktoba 1959, alasiri, watu walikwenda msikitini kusali sala ya Kusufu. Yeye alinisalisha pale pale ofisini, kisha akanivisha vyombo vya masikioni. Mwanzo nilisikia mngurumo mtupu. Jua likazidi kuliwa, Magharibi haijafika, na sauti ya mwanamke ikaja, ndogo, kisha wazi.

"Umeamini?"

"Nimeamini. Na mbona ana sauti nzuri hivyo?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Mizigo niliifungua, lakini mwanamke yule sikumsamehe, na hata leo simpendi.

Mwaka 1962 aliugua kifua. Nilimwekea redio karibu na kitanda, roho ikiniuma. Akasema, "Zima hiyo, Bi Time. Nigombeze wewe." Nikamgombeza kwa yote niliyoyakumbuka, naye akitabasamu. Alifariki nyumbani Chake Chake, Jumatatu tarehe 12 Novemba.

Ameacha mama yake, Bi Mwanapili. Ndugu yake, Soud. Watoto wawili, Duni na Jaribu. Na mjane mmoja. Soma tena, shemeji: mmoja.

Mola amrehemu, ampe Pepo na mapumziko mema. Na hao hurulaini wampokee kwa heshima, kisha wakae kando. Mwenyewe nakuja.