Ornella Malavolti na Sanduku la Daktari Prospero

Marehemu Ornella Malavolti alizaliwa Modena tarehe 4 Machi 1941, mtoto wa kwanza wa Learco na Zaira. Alisoma hapahapa mjini, akahitimu ualimu mwaka 1960, akafundisha shule ya msingi hadi alipostaafu. Wengi wenu mliomo humu kanisani aliwahi kuwauliza "kwa nini?" mpaka mkakaribia kulia.

Mwaka 1966 aliolewa na Tullio Gasperini, fundi baiskeli, wakajaliwa binti mmoja, Ilaria. Tullio alitangulia mwaka 2009.

Ornella alirithishwa na baba yake sanduku la makaratasi ya babu wa ukoo wetu, Daktari Prospero, ambaye zaidi ya miaka mia mbili iliyopita alitaka kujua tumbo linakifanyia nini chakula. Alimeza vifuko vya kitani vyenye mkate au nyama, akangoja vitoke, akavichunguza. Mkewe, Teodora, alichoka akakimbilia kwa mama yake. "Sirudi mpaka uache kumeza vitambaa," alimwandikia. Nyuma ya barua hiyohiyo, daktari ameandika: nyama imeisha, mkate umebaki kidogo.

Krismasi moja, baada ya tortellini, tambi zetu zilizojazwa nyama, shangazi yetu Ornella naye akameza kifuko.

"Mama, utakufa!" Ilaria akapiga kelele.

"Nikifa andika saa," akajibu, akaomba divai.

Hakufa. Kilichofuata hakisomwi kanisani.

Chuo kikuu kiliyataka makaratasi, lakini yenye sayansi tu. Barua nyingine za Teodora, walisema, zibaki kwetu. Shangazi alikataa miaka nenda rudi. "Sasa mtajuaje kwa nini daktari alikuwa anakula peke yake?" aliwauliza. Alikuwa mkaidi, tusimpambe. Aliogopa kwamba akifa, mume na mke wale watatenganishwa.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba mwaka jana. Alilazwa tarehe 9 Februari 2023, na Profesa Benassi wa chuo akamfuata hospitalini.

"Tutachukua yote, mwalimu."

"Na Teodora?"

"Na Teodora."

"Sanduku moja?"

"Moja."

"Haya, kachukueni kabla sijaghairi."

Alifariki tarehe 16 Februari, mchana, Ilaria akiwa amemshika mkono. Jana sanduku lilitoka nyumbani kwake, zima. Leo ametoka yeye, na tumeumia kuliko tulivyotarajia.

Ameacha binti yake Ilaria, mkwewe Davide, wajukuu wawili, mdogo wake Sante, nasi wapwa zake. Mungu ampumzishe kwa amani, na amvumilie kwa maswali.